Maoni Yangu Kuhusu Kupima Ubuyu Pamoja na Sufuria

Hamisa Mwishehe,
Fundi wa Ubuyu,
Mtaa wa Gereji Mbili,
Chang'ombe, Temeke.

Kwa Ndugu Katibu,
Kamati ya Kukusanya Maoni Kuhusu Mwongozo wa Adhabu kwa Dawa za Kulevya za Maabara,
Dar es Salaam.

YAH: SWALI LA NNE LA FOMU YENU, NA MDOGO WANGU FARAJI

Ndugu Katibu,

Asalaam aleikum, na kama wewe si wa upande huo, Tumsifu Yesu Kristo. Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi mie, marahaba, nimeshaipokea, tusipoteze karatasi. Hapa kwangu hatujambo, ila kifua kinanibana kidogo kwa hasira, ambayo nitajitahidi isionekane kwenye mwandiko.

Mwezi uliopita mlitutumia kijana wenu, Ndugu Erasmus, akaja na projekta kwenye ofisi yetu ya serikali ya mtaa. Ukuta wa ofisi una rangi ya kijani na maneno yakawa hayasomeki, mpaka mwenzetu mmoja akaenda kuanua shuka lake. Kijana alitueleza vizuri, kwa upole, akiwa amefunga tai saa nane mchana chini ya bati, kwamba Serikali inafikiria kuubadilisha mwongozo ambao mahakimu wanaufuata wakitoa adhabu kwa hizi dawa mpya za kulevya zinazopikwa maabara. Kisha akagawa fomu. Swali la kwanza hadi la tatu ni jina, jinsia na elimu. La nne ndilo lenyewe: je, mtu akikamatwa na dawa iliyochanganyika na kitu kingine, tuendelee kupima uzito wa mchanganyiko wote kama ilivyo sasa, au tupime dawa peke yake? Chini yake mmeacha mistari miwili ya kujibia. Mie nina kilo ishirini na moja na nusu za kueleza, Ndugu Katibu, na haziingii kwenye mistari miwili. Ndiyo maana nimenunua daftari.

Kwanza nikueleze nilivyozipata, usije ukadhani unaandikiwa na jambazi. Mie napika ubuyu, ule mwekundu wa sukari na iliki, na pilipili kwa wanaoitaka. Napika kila Alhamisi, ili Ijumaa watu wakitoka msikitini waukute. Siku nyingine makopo yangu yanakaa kabatini hayaguswi, na mtaa mzima unajua hivyo. Mdogo wangu Faraji naye anajua. Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti, anakaa kwangu, chumba cha uani. Kumbe bwana huyu ana miezi minane anatumia hiyo ya maabara. Mgongo ulikuwa unamuuma, wenzake wakamwambia akinusa kidogo hatausikia mgongo wala uchovu, naye akawasikiliza, kwa sababu mie dada yake nikisema kitu hanisikilizi. Siku hiyo ya Jumatatu akawa na unga wake mweupe, anatafuta pa kuuficha. Akaona kopo langu la ndimu ya unga, ule unga wa kutia ukali kwenye ubuyu, limeisha tangu wiki iliyopita. Akaumimina humo. Alipiga hesabu zake vizuri tu: leo Jumatatu, dada hapiki mpaka Alhamisi, Jumatano nitautoa.

Ikatokea harusi ya binti wa shangazi yetu kule Kibamba ikawahishwa, ikawa Jumatano badala ya Ijumaa, nikatakiwa nipike Jumanne. Nikafungua kopo, nikaona unga mweupe kiasi cha kujaza kizibo cha soda, nikamshukuru Mungu kwamba nilibakisha. Nikaumimina wote.

Kwetu ubuyu hautoki jikoni kabla jirani hajaonja. Ndivyo alivyonifundisha mama. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Sesilia, mtu wa Masasi, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia, mwanamke mtulivu ambaye hata akikanyagwa anaomba samahani yeye. Nikampa vijiko viwili. Haikupita nusu saa, Sesilia akachukua ufagio. Akafagia uwanja wake, akafagia wangu, akafagia hadi barabarani. Alipofika msikitini watu walikuwa wanaswali alasiri, yeye akavipanga viatu vyote vya mlangoni kwa ukubwa, kuanzia vya watoto. Watu walipotoka ikawa vurugu, kila mtu anatafuta pea yake, na imamu akaondoka na kandambili za fundi makanika. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Apolinari, ana miaka sita anatubembeleza tufagie na hatufagii. Alipoona mtaa unang'aa bila mtu kutishiwa faini, akajua pana jambo, akapiga simu polisi.

Sasa hivi tunacheka, lakini siku ile hatukucheka. Moyo wa Sesilia ulimwenda mbio mpaka akawa hawezi kukaa wala kusimama. Alilazwa siku mbili, nami nilikaa pembeni ya kitanda chake siku zote mbili nikilia, maana mkono uliompa kijiko ni huu ninaoandikia. Kwa hiyo usinielewe vibaya. Sisemi hii dawa ni mchezo. Naichukia kuliko nyie mnaoiandikia rasimu.

Basi wakaja askari wawili, wastaarabu, wa kituo ambacho sitakitaja. Wakauliza sufuria ni la nani. Nikasema ni langu, kwa sababu ni langu. Mmoja akatoa pingu. Faraji ndiyo alikuwa anarudi kula, miwani ya kuchomelea bado iko juu ya kipaji, akaona watu wamejaa mlangoni. Angeweza kupitiliza mpaka kona, hakuna aliyekuwa anamtafuta. Akaingia, akawaambia askari kwamba unga ule ni wake, ameuweka yeye, na dada yake hajui kitu. Akanyoosha mikono. Kama angenyamaza, barua hii ungeandikiwa na yeye, na mwandiko wake haufai kabisa.

Leo ana mwezi wa nne mahabusu, Segerea. Mashtaka yanasema ametengeneza dawa za kulevya za maabara zenye uzito wa kilo ishirini na moja na nusu. Kwa mwongozo wa sasa, zikizidi kilo kumi ni kifungo cha maisha, na hakimu hata akikuonea huruma hana la kufanya. Zikiwa chini ya kilo kumi, hakimu anaruhusiwa kukutazama usoni, akuulize unaumwa nini, akupeleke kwenye matibabu. Upande mmoja wa huo mstari wa kilo kumi mdogo wangu anarudi nyumbani. Upande wa pili harudi tena. Kwa sababu hiyo nayaleta malalamiko yangu kwa utaratibu, moja baada ya lingine, kama tulivyofundishwa shule.

1. Kuhusu sukari. Ndani ya sufuria lile mlikuwa na ubuyu kilo kumi, sukari kilo tano, na maji, iliki, rangi na arki ya vanila vinavyofika kilo mbili na nusu. Vyote nilinunua dukani mchana kweupe, na mwenye duka hakuniangalia vibaya. Karatasi ya mashtaka inaviita vyote dawa za kulevya. Naomba Kamati inijulishe ni saa ngapi sukari yangu ilibadilika tabia. Mkemia ameandika kwamba ndani ya sampuli imo dawa, nami sibishani naye, ni msomi. Ila sijaona alipoandika kwamba iliki ilikuwa inajua mpango.

2. Kuhusu sufuria. Mkijumlisha nilivyovitaja hapo juu mtapata kilo kumi na saba na nusu. Kilo nne zilizobaki ni sufuria lenyewe, mfuniko wake na mwiko. Askari hawakuja na mizani, wakaazima ya jirani yetu anayenunua vyuma chakavu. Mizani ile ilishapoteza jiwe moja zamani, mwenyewe anatumia gia ya lori badala yake, na gereji nzima inajua kwamba gia hiyo haisemi ukweli. Sufuria nililiachiwa na mama, Mungu amrehemu. Limepikia shughuli tatu za kuingiza mwali, hitima kumi na kitu na mapokezi ya mbunge mmoja. Sasa kwenye karatasi za kesi linaitwa mtambo wa kuzalishia. Naomba, kama ni lazima lihesabiwe, basi hesabu iendelee kwa haki: sufuria lilikuwa juu ya jiko, jiko lilikuwa juu ya sakafu, sakafu imeshikwa na nyumba, na nyumba iko juu ya kiwanja cha urithi ambacho tunakigombania ndugu sita. Mtukamate wote sita, labda humo mahabusu tutaelewana.

3. Kuhusu maji. Nimekaa kitako nikafikiria jambo hili mpaka chai ikapoa. Kama kinachopimwa ni mchanganyiko, basi Faraji ana bahati sana kwamba hakuuficha unga wake kwenye tangi la maji la mtaa, maana angekamatwa na tani tano. Angeudondosha Mto Msimbazi siku ya mvua, angekuwa na nchi nzima ya dawa, na mto ungemfuata mpaka baharini, na huko ndiko angevunja rekodi ya dunia. Sasa upande wa pili. Mkubwa mwenye akili, mwenye gari la vioo vyeusi, anaibeba ikiwa safi, haijachanganywa na kitu. Ana nusu kilo, lakini nusu kilo ile ingetosha kuwafagiza watu wa Temeke yote na Kinondoni juu yake. Huyo mwongozo wenu unamwona ni mtu mdogo. Yuko chini ya kilo kumi, anatazamwa usoni, anaulizwa anaumwa nini. Aliyechanganyiwa na dada yake kwenye ubuyu ndiye mkuu wa genge. Nawapongeza kwa kuwapa wakubwa mafunzo ya bure, wajue kwamba usafi wa bidhaa unalipa.

4. Kuhusu Sesilia. Vijiko viwili vilivyokuwa tumboni mwake havikupimwa. Huu ni upendeleo. Ikiwa dawa inahesabiwa pamoja na chombo ilimo, basi saa kumi alasiri siku ile Sesilia alikuwa chombo, na kwa makadirio yangu ana kilo themanini na nne, ukiacha khanga. Hapo tungepata kesi ya heshima. Nimeshamweleza na amekubali kupimwa, kwa sharti kwamba apimwe na mwanamke na matokeo yasitangazwe kanisani. Vilevile kuna watoto wawili wa nyumba ya nyuma ambao walilamba mwiko kabla sijautia ubuyu ndimu. Kisheria hawana hatia, lakini kwa namna mnavyohesabu sipendi kunyamaza, nisije nikaambiwa nimeficha uzito.

5. Kuhusu majina. Ndugu Erasmus alisema hizi za maabara hubadilishwa mapishi na majina kila mara, sheria ikifika huku zenyewe zimeshahamia kule, na kwa hiyo jedwali lenu litakuwa linaongezwa majina kila baada ya miezi michache. Sina neno. Naomba tu siku mkikosa jina la kuongeza, msiandike ubuyu.

6. Kuhusu usawa mbele ya sheria. Kama uzito wa vilivyo jirani na kosa ndiyo haki, mie nani niipinge. Naomba tu isiishie kwa Faraji. Mwizi wa kuku apimwe pamoja na banda. Dereva aliyelewa apimwe pamoja na basi, abiria na mizigo ya kwenye buti, ikiwemo magunia ya mahindi. Mtu akimtukana mnene afungwe miaka mingi kuliko aliyemtukana mwembamba. Bwana harusi aliyedanganya kwamba hana mke apimwe na huyo mke wa kwanza, na watoto, na kabati la vyombo. Mla rushwa apimwe pamoja na ofisi aliyoikalia, meza, kiyoyozi na wale wote waliopanga foleni nje wakingoja. Hapo kwa mla rushwa naona mkono wako umeanza kusita, Ndugu Katibu, na mie nimeuona nikiwa hukuhuku Chang'ombe. Tufike mahali kila mtaa uwe na mizani yake ya serikali, na yule jirani yetu wa vyuma chakavu aapishwe rasmi, kwa kuwa kwa sasa gia yake ya lori ina mamlaka kuliko hakimu. Hakimu amesoma miaka mingi, amevaa joho, anakaa juu, halafu kazi yake inakuwa kusoma namba na kuangalia iko upande gani wa mstari. Kazi hiyo hata muuza nyanya anaifanya, tena yeye anaongeza na ya juu.

7. Kuhusu mtu mwenyewe. Mwongozo una orodha ya mambo ya kumpunguzia mshtakiwa adhabu. Nimeisoma mara tatu. Kuna umri, kuna ugonjwa, kuna ujauzito, kuna kukiri mapema. Nikafurahi hapo kwenye kukiri, maana Faraji alikiri kabla hajaulizwa. Halafu chini, kwa herufi za kusomea na miwani, imeandikwa kwamba orodha hiyo haitumiki ikizidi kilo kumi. Maana yake mtu akizidi mstari, hata kama aliingia mwenyewe mlangoni pakiwa na askari wawili na pingu na akanyoosha mikono ili dada yake asifungwe, hilo halisomwi popote. Hakuna kisanduku chake. Juzi Jumapili nilikwenda kumwona. Amekonda, lakini macho yametulia, anasema mwezi wa kwanza alitetemeka usiku na mchana akiitamani, sasa haitamani tena. Aliniuliza kama kazi ya geti la mteja wake imemaliziwa. Hakuniuliza habari za kesi, na mie sikumwambia, tukazungumza habari za geti mpaka muda ukaisha.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, nimefikia ombi langu. Ombi la kwanza ni kwamba mwongozo ubadilishwe, ipimwe dawa peke yake, sukari iachwe iwe sukari. Lakini kama Kamati inaona ni lazima kupima mchanganyiko, basi mpime mchanganyiko wote, msiishie kwenye sufuria. Na mtu naye ni mchanganyiko. Mama yetu alipopata kiharusi, Faraji alimbeba mgongoni kwenda chooni na kurudi kwa mwaka mmoja na nusu, na huo ndio mgongo uliokuja kumuuma. Lile bomba la kushikia wazee kwenye ngazi za zahanati yetu amelichomelea yeye, bure, siku ya sikukuu. Paa la Sesilia amelipanda yeye mara tatu. Sifichi mengine: anakoroma, aliwahi kuuza redio yangu akasema imeibwa, akikuambia anakuja sasa hivi ujue bado yuko kitandani, na alinusa uchafu ule miezi minane akinitazama machoni kila asubuhi. Vitieni vyote kwenye sahani moja ya mizani, na ule unga muutie humohumo, msipunguze hata chembe. Halafu msome. Unga ule ulikuwa kidogo kwenye ubuyu, na kwa Faraji pia ulikuwa kidogo.

Nampenda, Ndugu Katibu. Nimeona niliandike hapa kwa sababu kwenye fomu hakuna mahali pake. Nimesaidiana na mama kumlea tangu ana miaka sita, na sioni nitazeekaje nikijua kwamba anazeeka kule kwa sababu harusi ilisogezwa kutoka Ijumaa kuja Jumatano.

Naomba barua hii isomwe mbele ya wajumbe wote wa Kamati, wakiwa wameshakunywa chai, ili wasisinzie kwenye namba tatu. Nikihitajika kutoa ushahidi nitakuja, na nikija sitaleta ubuyu, msiwe na wasiwasi.

Nisalimie Ndugu Erasmus, mwambie asifunge tai tena akija kwetu, tutamheshimu hivyohivyo. Wasalimie wajumbe wa Kamati, wachapaji, dereva wa gari la Kamati ambaye alikula mihogo kwangu akausifia ubuyu kabla hajajua habari zake, mahakimu wote wa wilaya hii na wake zao na waume zao. Sesilia anawasalimu pia, anasema anawaombea, na Mzee Apolinari anauliza kama mnaweza kutusaidia mapipa ya taka.

Ni mie, ninayewaheshimu kwa shida kidogo lakini bado nawaheshimu,

Hamisa binti Mwishehe
(sahihi na dole gumba, msije mkasema haitoshi)

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaigundisha bahasha, imebidi niichane. Wakili wa Faraji, binti mmoja anaitwa Flaviana, amepita hapa akitokea mahakamani, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, na yule binti si mtu wa kucheka. Ameniambia jambo ambalo hakuna aliyeniambia miezi yote minne. Kila kesi inapotajwa, kielelezo, yaani sufuria na ubuyu wake, hupelekwa mbele ya hakimu na kupimwa upya kwa mizani ya mahakama. Mwezi wa kwanza kilisoma kilo ishirini. Wa pili, kumi na saba. Wa tatu, kumi na nne. Leo asubuhi, kilo kumi na moja na robo, sufuria likiwa ndani ya hesabu. Askari anayetunza stoo ya vielelezo kituoni amekula kiapo kwamba ubuyu umekauka.

Mie ni fundi. Ubuyu ukikauka mpaka ukawa kama kokoto unapoteza kilo mbili, zaidi ya hapo kuna mtu. Flaviana alipokwenda kituoni kusaini karatasi alichungulia nyuma ya stoo, akakuta mbegu za ubuyu zimemumunywa mpaka zimekuwa nyeupe, zimetemwa lundo moja pembeni ya kiti cha plastiki. Panya hana kiti. Kuhusu afya za hao askari usihofu, nimeuliza. Unga ulikuwa umeganda juu, na mkemia aliuchota ule wa juu wote akaondoka nao, na hawa wanaoula wa chini wako kazini kila siku na hakuna aliyeanguka.

Sasa sikiliza vizuri. Ukurasa wa tisa wa mwongozo wa sasa unasema uzito unaohesabiwa ni ule wa siku ya hukumu, na hukumu ya Faraji inasomwa mwezi ujao. Ukurasa wa tisa wa rasimu yenu mpya, ambao kwa kiherehere changu sikuwa nimeufikia, unasema mkikubali kupima dawa peke yake, kesi zote zitasimama mpaka mashine ya kupimia inunuliwe, na vielelezo vyote vitahamishiwa ghala jipya lenye kufuli mbili.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu nayafuta, kuanzia la kwanza mpaka la saba, pamoja na yale ya tani tano. Mwongozo wa sasa ni mzuri sana, sijui nilikuwa nasoma nini. Sukari ni dawa, maji ni dawa, iliki ilijua kila kitu. Kwenye swali la nne niandikieni: ibaki kama ilivyo. Msibadilishe hata nukta, msinunue mashine, msihamishe stoo, na yule askari wa stoo asipewe uhamisho. Zimebaki kilo moja na robo na kidogo kufika chini ya mstari, na mwezi mzima uko mbele.

Waacheni wale.